Ziba shimo moja mwenyewe, kisha ndipo umlaumu fundi

Nimekuwa kimya hapa kwa muda wa wiki mbili, na safari hii siwezi kusingizia kazi nyingi wala stima kupotea. Nilikuwa naziba ukuta.

Mimi na mwenzangu tunaandika programu katika kijichumba cha kukodi hapa Nairobi. Orofa nzima iligawanywa vyumba vidogo vidogo kwa bodi za jipsamu, kama ilivyo katika majengo mengi ya ofisi mjini: kuta za nje ni za mawe, za ndani ni za bodi. Mwaka uliopita tulipachika rafu ukutani, juu yake tukaweka ruta na ile betri nzito ya kuokoa kompyuta stima inapopotea. Skurubu nne, dakika kumi, kazi ikaisha. Jumatatu moja asubuhi tulifungua mlango tukakuta rafu, ruta na betri vyote viko sakafuni, na ukutani pana shimo la ukubwa wa sahani ya wali.

Mkataba wetu unasema tutakirudisha chumba kama tulivyokipata, la sivyo gharama itakatwa kwenye dipoziti. Dipoziti yenyewe ni kodi ya miezi miwili. Kwa kampuni ya watu wawili, hizo si pesa za kuchezea. Nikamwita fundi. Akatazama shimo, akagongagonga ukuta kwa kidole, akasema shilingi 6,500 na siku mbili.

Siku mbili? Kwa shimo moja? Nilimwambia wazi kwamba ameniona mtu wa ofisi asiyejua kitu. Hakubishana. Alichukua mfuko wake wa vifaa akaenda zake. Mimi nikaapa kuimaliza kazi hiyo alasiri moja ya Jumamosi.

Ilinichukua siku tano.

Kwa hivyo haya ndiyo maoni yangu ya leo, na najua baadhi yenu hamtakubaliana nami: kila mtu anayeishi au kufanya kazi ndani ya kuta za jipsamu anafaa kuziba angalau shimo moja kwa mikono yake mwenyewe. Sisemi tuwanyime mafundi kazi. Nasema kwamba mtu asiyejua kazi inakwendaje hawezi kujua bei ipi ni ya haki na muda upi ni wa haki. Asiyejua hayo huangukia kosa moja kati ya mawili: amlipe mlaghai, au amtukane mtu mwaminifu. Mimi nilifanya hilo la pili.

Ukuta wenyewe ni kitu gani?

Jipsamu ni jina la dukani. Madini yenyewe kwa Kiswahili huitwa jasi. Bodi imetengenezwa kama sandwichi: katikati kuna jasi iliyogandishwa, na pande zote mbili kuna karatasi ngumu. Mmarekani Augustine Sackett alipata hataza ya bodi za namna hii mwaka 1894. Ya kwake ilikuwa ya matabaka ya karatasi na plasta yaliyopangwa moja juu ya jingine. Mwaka 1909 kampuni ya United States Gypsum iliinunua biashara yake, na baadaye bodi ikawa hii tunayoijua, yenye jasi tupu katikati.

Kinachonivutia mimi ni kemia yake. Jasi ina maji ndani yake. Siongelei unyevu, naongelea maji yaliyofungwa kwenye fuwele zenyewe, karibu asilimia 21 ya uzito wote. Ukiichoma kwa joto la nyuzi 150 hivi, robo tatu ya maji hayo hutoka na unabaki na unga mweupe. Ukiurudishia unga huo maji, unayafunga tena na kugeuka kitu kigumu. Hii ndiyo sababu ukuta wa jipsamu huchelewesha moto: kabla joto halijapita upande wa pili, lazima kwanza liyachemshe na kuyafukuza maji yote yale.

Lakini nguvu zake zina mpaka. Jasi peke yake huvunjika kama chaki. Kinachoishikilia ni ile karatasi. Ukiegemea ukuta wote kwa bega, hakuna neno. Ukining'iniza kilo tisa kwenye skurubu nne zilizoshika milimita 12 za jasi bila kitu nyuma yake, unasubiri tu siku.

Uliza kwanza kwa nini limetoboka

Sisi waandika programu tunalijua jambo hili vizuri, ila tunalisahau tukitoka mbele ya kompyuta. Programu ikianguka, hatuanzi kwa kuficha ujumbe wa hitilafu. Tunauliza kilichoiangusha. Na ukuta ni hivyo hivyo.

Kwetu sisi chanzo kilikuwa rafu isiyofungwa kwenye fremu. Nyuma ya bodi kuna nguzo za mbao au za bati, na kwa kawaida kutoka nguzo moja hadi nyingine ni sentimita 40 au 60. Huhitaji kifaa cha bei ghali kuzitafuta. Fungua diski kuu ya kompyuta iliyokufa, toa sumaku iliyo ndani, uifunge kwa uzi na kuipitisha polepole ukutani. Itanasa pale penye vichwa vya skurubu, na penye skurubu ndipo penye nguzo. Laiti ningalifanya hivyo mwaka uliopita, leo ningekuwa nawaandikia kuhusu hifadhidata.

Kama chanzo ni maji, habari ni tofauti kabisa. Ukiona doa la rangi ya chai kwenye ukuta au kwenye dari, au ukibonyeza kwa kidole bodi inabonyea, usinunue fila. Tafuta kwanza bomba linalovuja au bati lililotoboka. Bodi iliyolainika kwa maji haiponi kwa kupakwa kitu juu yake. Hukatwa ikatolewa, na mpya haiwekwi mpaka mvujo uishe na fremu ikauke. Nimeona dari zilizopakwa rangi upya mara tatu juu ya doa lile lile, na kila msimu wa mvua doa linarudi kama mwenye kudai deni.

Jaribio la kwanza, au jinsi ya kupoteza Jumamosi

Nilitazama video moja, tena nusu. Nikanunua ndoo ndogo ya fila iliyochanganywa tayari, nikajaza magazeti kwenye shimo, nikaimwaga fila juu yake kwa unene wa vidole viwili, nikalainisha kwa skrepa. Ilipendeza sana. Nilipiga picha nikamtumia mwenzangu.

Jumapili nilirudi nikakuta imepasuka kama udongo wa bwawa lililokauka, katikati imebonyea, na nilipoigusa kwa dole gumba yote ikacheza. Juu ilikuwa kavu, ndani bado uji.

Sababu ni mbili. Kwanza, fila haikuwa na kitu cha kushika, kwa maana magazeti si ukuta. Pili, sikujua kwamba kuna fila za aina mbili. Ya ndoo, iliyochanganywa tayari, hukauka kwa maji kuvukiza. Kila tabaka huhitaji kama saa 24, na zaidi ya hapo kukiwa na baridi ya Julai hapa Nairobi au unyevu wa Mombasa. Nayo husinyaa ikikauka, kwa hivyo ukiiweka nene lazima ipasuke. Ile ya unga unaochanganya mwenyewe hugumu kwa kemia niliyoeleza hapo juu, kwa dakika au saa zilizoandikwa kwenye mfuko, na husinyaa kidogo tu. Fundi aliyesema siku mbili alikuwa amekwisha kupiga hesabu hizi kichwani wakati mimi namkunjia uso.

Jaribio la pili

Haya basi, hivi ndivyo nilivyofanya mara ya pili. Kama hujawahi kushika skrepa maishani, fuata kwa utaratibu huu.

1. Zima stima kwenye swichi kuu kabla ya kukata chochote, kisha chungulia ndani ya shimo kwa tochi ya simu. Mara nyingi nyaya hupita wima, juu au chini ya soketi na swichi, lakini usiweke imani yako yote hapo. Hamisha kompyuta zote. Vumbi la jasi ni laini kama unga wa sembe na litaingia kwenye kila feni.

2. Likate shimo liwe mraba. Inauma kulifanya shimo lako kuwa kubwa zaidi, lakini kiraka cha mraba hupimika na cha duara hakipimiki. Chora kwa rula na penseli, kata kwa kisu au msumeno mdogo mpaka ufikie bodi iliyo imara.

3. Weka mgongo. Chukua vipande viwili vya mbao vilivyo virefu kuliko shimo kwa sentimita 5 kila upande. Ingiza kimoja ndani, kivute kwa mkono kishikane na bodi kwa nyuma, kisha kipige skurubu kutoka mbele, kupitia bodi ya zamani. Fanya vivyo hivyo na cha pili. Hatua hii ndiyo niliyoiruka mara ya kwanza.

4. Kata kiraka kutoka bodi yenye unene ule ule. Dukani utakuta hasa za milimita 9 na 12, kwa hivyo pima yako kabla ya kwenda. Huna haja ya kununua bodi nzima ya futi 4 kwa 8. Nenda penye ujenzi uombe kipande cha kutupwa. Kiraka kiwe kidogo kuliko shimo kwa milimita 2 au 3 kila upande, kisha ukifunge kwenye zile mbao. Kichwa cha skurubu kizame kidogo tu chini ya uso bila kuichana karatasi. Karatasi ikichanika, skurubu hiyo haishiki kitu. Toa, piga nyingine kando.

5. Bandika tepu ya wavu juu ya viungo vyote vinne. Bila tepu, ufa utarudi mahali pale pale hata fila iwe nzuri namna gani.

6. Paka fila tabaka tatu nyembamba. La kwanza, la unga, lijaze viungo na kufunika tepu. La pili lipite la kwanza kwa upana wa vidole vitatu hivi, na la tatu lipite la pili. Siri ya kiraka kisichoonekana ni upana: mwinuko ukisambazwa mbali, jicho haliuoni. Usipake tabaka jipya kabla lililotangulia halijakauka.

Hapa nina onyo kuhusu unga. Mimina unga kwenye maji, usimimine maji kwenye unga. Changanya kidogo kidogo, na uoshe chombo kila mara. Mara ya pili nilichanganya kwenye ndoo chafu, na fila ikagumu kabla sijamaliza upande mmoja. Nilidhani nimeuziwa unga mbovu. Kumbe mabaki ya fila iliyokwisha kuganda ni fuwele za jasi, na fuwele mpya hujijenga haraka zikikuta za zamani za kuanzia.

7. Piga msasa laini ukiwa umevaa barakoa. Zima taa ya chumba, weka tochi ya simu ubavuni mwa ukuta ili mwanga upite kwa ulalo. Kila kinundu kitatupa kivuli. Kwa ofisi yenye mashine kama yetu, sponji yenye unyevu ni bora kwa tabaka la mwisho: hulainisha fila bila kutimua vumbi.

8. Paka undakoti kwanza, kisha rangi. Fila tupu hunywa rangi kuliko karatasi iliyo kando yake, na ukiruka undakoti utabaki na doa lisilong'aa lenye umbo la kiraka chako. Rangi ya mwisho paka ukuta wote, kutoka kona hadi kona, kwa kuwa rangi ya zamani imeshapauka na mpya haitalingana nayo.

Hayo ndiyo yote. Hakuna hatua hata moja inayohitaji kipaji. Kinachohitajika ni subira, na subira ndiyo niliyokosa.

Pale usipopaswa kujaribu

Nisije nikalaumiwa, naongeza haya. Mwanagenzi aziache dari zilizoanza kulegea, kwa sababu bodi nzima ikikudondokea kichwani si mzaha. Aache pia ukuta wenye nyaya zilizokatika au zilizo wazi, hiyo ni kazi ya fundi wa stima. Aache ukuta uliowekwa makusudi kuzuia moto, kwa mfano kando ya ngazi za dharura, maana ukuta huo una bodi na namna yake ya kufungwa, na kiraka cha kubahatisha huudhoofisha bila wewe kujua. Na kama jengo ni la zamani na hujui dari au ukuta ulitengenezwa kwa nini, usipige msasa hata kidogo. Asbesto ilitumika katika bodi nyingi za zamani, na vumbi lake huua kwa saratani baada ya miaka mingi.

"Lakini muda wangu una thamani"

Najua wapo watakaoniambia hivi: wewe ni mwandika programu, siku zako tano zina thamani kubwa kuliko shilingi 6,500, ungemlipa fundi uendelee na kazi yako. Kwa shimo la pili nakubali kabisa. Shimo la kwanza nalihesabu kama karo.

Nieleze kwa nini. Mwezi mmoja kabla ya rafu kuanguka, mteja wetu alituuliza kwa nini kuongeza kitufe kimoja kwenye mfumo wake kunachukua wiki nzima. "Si ni kitufe tu?" alisema. Nilikasirika siku nzima. Nilimwona hajui kwamba nyuma ya kitufe kuna hifadhidata ya kubadilishwa, ruhusa za watumiaji, majaribio, na data za zamani ambazo hazifai kuharibika. Nilimwona mtu anayepima kazi kwa kile anachokiona juu.

Halafu mwezi mmoja baadaye nikasimama mbele ya fundi nikamwambia, "Si ni shimo tu?"

Maneno ni yale yale, na dharau ni ile ile. Tofauti ni kwamba mimi nilikuwa na barua pepe ya kumjibu mteja kwa urefu na kumweleza, naye fundi alikuwa na mfuko wa vifaa na nauli ya kurudi nyumbani.

Ndiyo maana sikubaliani na wale wanaosema mtu aliyesoma hana haja ya kujua kazi za mikono kwa kuwa anaweza kulipia. Kulipia bila kujua kunatufanya tuwe wateja wabaya. Tunamkaba fundi kwa bei, tunamharakisha, naye ili atupendeze anaruka tabaka la tatu, anapaka rangi juu ya fila mbichi, na ufa ukitokea baada ya mwezi tunasema mafundi wote ni waongo. Baadhi yao ni waongo kweli, sikatai. Lakini aliyeziba shimo moja atawatambua kwa maswali mawili tu: utaweka nini nyuma ya kiraka, na utapaka tabaka ngapi? Anayejibu bila kusita, mlipe anachotaka na umpe siku zake.

Nilimaliza kupaka rangi Jumatano usiku. Rafu imerudi, na sasa imefungwa kwenye nguzo mbili nilizozitafuta kwa sumaku. Wiki iliyopita nilimpigia simu yule fundi, nikamwomba radhi, nikamwomba pia aje atengeneze kona ya dari yetu iliyoanza kuachana. Alinitajia bei na siku tatu. Sikubishana.

Alipofika alienda moja kwa moja penye kiraka changu. Akapitisha kiganja juu yake, akainamisha kichwa akautazama ukuta kwa ubavu, akanyamaza kidogo.

"Umejaribu, kijana," akasema, kisha akaomba ngazi.